Daraja la Mutimbi: Maisha ya Nestor Habumugisha, 1998–2025

Mheshimiwa Padri, Papa Kapita na wakubwa wote wa kijiji, wakwe zetu, Papa na Mama mliotoka Masisi na ninyi mlio nyumbani hapa Ntoto, familia imenipa mimi, baba mdogo wa marehemu, karatasi hii niisome mbele ya jeneza lake, nayo imeomba kila tarehe isomwe jinsi ilivyo, kwa sababu maisha ya mtoto wetu yalikuwa mafupi na hatuna siku hata moja ya kupoteza katika kuyahesabu. Imeomba pia nieleze mbele ya watu wote kwa nini daraja la mto Mutimbi halikukatwa mwezi wa pili wa mwaka huu, ili asiwepo mtu wa kusimulia jambo hilo kwa kukisia.

Nestor Habumugisha alizaliwa Jumapili tarehe 3 Mei 1998, saa tatu asubuhi, kwenye kilima cha Gatovu, upande wa Katoyi, katika teritwari ya Masisi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Papa Noël Habumugisha, mkulima, na Mama Léontine, binti wa hapa Ntoto. Papa Noël katika ujana wake alikuwa akishuka msituni na mizigo ya maharagi na kupanda milimani na mafuta ya mawese, na mwaka 1992, kama watu wa hapa wanavyopenda kumkumbusha, alipanda na mafuta pamoja na binti yao. Hivyo mtoto wetu alikuwa na nyumbani kuwili tangu tumboni, alikuzwa kwa maziwa ya mlimani, na kila likizo alishuka kwa wajomba zake kula nyama ya porini na ndizi za kuchoma, na bibi zake wawili waliendelea hadi kufa kwao kubishana ni chakula cha nani kilichomfanya awe mrefu. Alibatizwa tarehe 16 Agosti 1998, majuma mawili tu baada ya vita vya mwaka ule kuanza, kwa hiyo maji ya ubatizo na habari za vita vilimfikia katika mwezi mmoja.

Alianza masomo ya msingi mwezi Septemba 2004, akayamaliza Julai 2011, yaani kwa miaka saba badala ya sita, na ule mmoja si wa kurudia darasa, bali ni mwaka ambao shule ilifungwa na sisi sote tulikuwa tumekimbia. Masomo ya sekondari aliyafanya katika sehemu ya ujenzi, kuanzia Septemba 2011 hadi Julai 2018, kwa miaka saba tena badala ya sita, na kwa sababu ileile, akabadilisha shule mara tatu, akibeba madaftari yake kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, hata dada yake Bibiche akawa anamtania mbele ya wageni, akisema: « Kaka Nestor anasomaka sawa mutu anakimbia, kumbe anakimbia kweli! » Pamoja na hayo yote alipata diploma ya Serikali mwaka 2018 kwa alama sitini na moja kwa mia, na familia inataja alama hizo hapa waziwazi kwa sababu alizistahili.

Kazi aliianzia Masisi, kuanzia Oktoba 2018 hadi Mei 2020, akiwa msaidizi wa fundi mwashi, akajenga vyumba vinne vya shule na nyumba moja ya katekista, ambavyo vyote vingali vimesimama. Tarehe 29 Aprili 2020 mafuriko yaliondoa daraja la zamani la mto Mutimbi, ambalo ndilo njia ya pekee ya miguu kati ya vilima vya Katoyi na kijiji hiki, na mjomba wake, Papa Kahombo, ambaye wote mnajua kwamba ndiye mwenye elimu ya madaraja ya kamba za porini kama baba yake na babu yake kabla yake, alituma ujumbe kwa dada yake Léontine kwamba anahitaji mikono, na kwamba angefurahi ikiwa mikono hiyo ingetoka katika tumbo lake.

Hapa ni lazima nisome kosa la marehemu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia kwa kicheko na asingependa tulifiche. Mjomba alimtuma porini na vijana wengine kukata kamba, naye, akiwa mtoto wa mlimani, ambako kila kinachovunwa huanikwa, maharagi, mahindi, mtama, alizileta kamba za siku nane, akazitandaza juani katika kiwanja cha kanisa kwa mistari iliyonyooka vizuri sana, akakaa pembeni kuzilinda dhidi ya mbuzi. Papa Kahombo alipotokea, kamba zilikuwa zimekauka na kupasuka kama kuni, kwa maana kamba ya daraja husokotwa ingali na maji yake, ikikauka kabla ya kufungwa haifai tena hata kwa kufungia kuku.

« Njo hivi munafanyaka kule juu? » mjomba aliuliza.

« Ndiyo, Papa. Tunaanika. »

« Munaanika maharagi, mutoto wa dada. Hii nayo utaipika? »

Kiwanja kizima kilicheka, na kwa miezi mingi baadaye watu wa hapa walimwita Papa Maharagi. Yeye hakukasirika, alirudi porini kesho yake, akakata upya kwa siku nane nyingine, na tangu siku hiyo alianza kuandika katika daftari kila alichofundishwa, aina ya kamba, siku iliyokatwa, mti iliyofungiwa, na mwezi wa kuibadilisha, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote kabla yake katika kazi hii. Ujenzi ulianza Jumatatu tarehe 6 Julai 2020, ukamalizika Jumamosi tarehe 25 Julai, na daraja lilipatikana lenye urefu wa mita arobaini na moja, kamba mbili nene za kushikilia kwa mikono, wavu wa pembeni, na chini kamba tano za kukanyagia zilizolala sambamba. Mjomba alimwachia kazi ya kulitunza, naye alihamia Ntoto kwa ajili hiyo.

Ni juu ya daraja hilo pia alipomfahamu mke wake. Dada Solange, binti wa kijiji hiki, aliyekuwa akivuka kwenda shambani, alimpigia kelele kutoka katikati ya mto: « Fundi, daraja yako inacheza sawa mulevi! » naye akajibu bila kuinua macho katika kazi yake: « Hapana, dada, ni wewe njo unatembea sawa mulevi, yenyewe inakufuata tu. » Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 7 Agosti 2021, wakajaliwa watoto wawili, Emérita, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2022, na Benoît, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 2024, ambao wote wawili wako hapa mbele, mmoja amesimama na mmoja amebebwa.

Nafika sasa kwenye mwezi wa Februari 2025. Vita vilipopanda upande wa Katoyi, watu wa vilima walianza kushuka kuja huku, na Jumatatu tarehe 10 Februari habari zilifika kwamba nyuma ya watu hao wanakuja wenye silaha. Papa Bitingi, kapita, yaani mkuu wa kijiji, ambaye tuko naye hapa, alikwenda mtoni pamoja na wazee na mapanga matatu, akamwambia Nestor akate daraja saa ileile. Familia inasema wazi kwamba Papa Bitingi hakuwa na moyo mbaya, alikuwa na nyumba mia moja na kumi na mbili nyuma yake, alikwisha kuona vijiji vilivyochomwa, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini ng'ambo watu walikuwa bado njiani, na miongoni mwao alikuwa Mama Léontine, aliyekuwa amebaki kwake Gatovu, akimwuguza dada yake tangu Noeli.

« Nestor, ukiiacha wazi, tutakufa wote, » alisema Papa Kapita. « Kata. »

« Papa Kapita, nikikata, wale watakufa kwa macho yetu. »

« Na ukiacha? Bunduki nayo inavukaka. »

Marehemu alilitazama daraja lake kama mtu anayesoma, kisha akaomba apewe muda hadi jua litue, na mzee mmoja akamwuliza kwa dhihaka kama anataka kulianika. Alichofanya jioni ile ndicho ambacho familia inajivunia kuliko diploma yake. Hakukata daraja, wala hakuliacha jinsi lilivyokuwa. Aliondoa wavu wa pembeni, akafungua kamba nne kati ya zile tano za kukanyagia, akazizungusha na kuzilaza ndani ya maji ya kijito ili zisikauke, akaacha kamba moja tu ya chini na zile mbili za mikono. Katika hali hiyo mtu huvuka akiwa peke yake, kwa ubavu, hatua moja baada ya nyingine, na mikono yake yote miwili ikishika kamba, hawezi kuvuka na mwenzake, hawezi kukimbia, na hawezi kushika kitu kingine chochote, awe ni nani. Kisha alimweleza Papa Kapita: « Mwenye kuja na mikono mitupu atafika. Mwenye kuja na bunduki aiweke mugongoni, ahangaike pale katikati dakika kumi, na sisi tukimuangalia. Akiwa anakuja mubaya, kamba ni moja, panga ni moja. »

Papa Kapita aliyachukua mapanga yake, hakurudi nayo nyumbani, aliyaacha mawili na kuketi na la tatu chini ya mti uliofungiwa daraja, akaketi hapo siku kumi na moja.

Tatizo lililobaki lilikuwa la wale wasioweza kuvuka kwa namna hiyo, yaani watoto, wazee, wagonjwa na wanawake waliokaribia kujifungua, na kwa hao jibu la marehemu lilikuwa mgongo wake. Yeye, Papa Kahombo na vijana wengine wawili walivuka kwenda ng'ambo bila mzigo na kurudi na mtu mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mama anavyomfunga mtoto wake. Mnamcheka bado Mama Mukashema, muuza jibini wa Katoyi, mwenye mwili wake na heshima zake, aliyekataa katakata siku ya tarehe 12, akisema: « Mimi nibebwe mugongoni, muzima hivi, na watu wanaangalia? » Nestor alimwambia: « Mama, funga macho, hautaona mutu anayeangalia. » Alifunga macho, akabebwa, na walipofika katikati alisikika akiomba Rozari na kumwuliza Nestor kati ya fumbo na fumbo kama amekula asubuhi.

Mama Léontine alifika Alhamisi tarehe 13 Februari, saa tano asubuhi, akavuka kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa binti wa Ntoto hafundishwi kuvuka. Hapo wengine kijijini walisema kwamba basi, jambo limekwisha, na mmoja alimwambia Nestor waziwazi: « Mama yako amefika. Sasa kata. » Maneno aliyoyajibu tunayaandika katika historia yake jinsi alivyoyasema, kwa sababu wanawe watahitaji kuyajua wakiwa wakubwa. Alisema: « Mama yangu amefika. Ya wengine bado. » Akageuka, akavuka tena.

Kuanzia tarehe 10 hadi tarehe 20 Februari, kwa mujibu wa daftari lake, walivuka watu mia tatu themanini na saba, miongoni mwao mia moja sabini na watatu wakiwa wamebebwa. Katika kila ukurasa aliandika « tumebeba », kamwe hakuandika « nimebeba », na ilitubidi kuwauliza wenzake mmoja mmoja ili tujue kwamba kati ya hao mia moja sabini na watatu, tisini na sita walipita mgongoni mwake yeye.

Siku ya mwisho, Alhamisi tarehe 20 Februari, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Yapata saa tisa alasiri, baada ya kumfikisha huku mzee mmoja kutoka Gatovu, alirudi ng'ambo kutazama kama kuna aliyebaki, na katika theluthi ya tatu ya daraja mguu uliteleza, kamba ya mkono ikamponyoka kwa utelezi, akaanguka juu ya mawe ya mtoni na kuvunjika mbavu. Tunamshukuru Mungu kwamba saa ile mgongoni mwake hakukuwa na mtu. Papa Kahombo alimtoa majini, kisha, kwa ombi la marehemu mwenyewe aliyekuwa amelala ukingoni, alivuka na kuwaleta watu watatu waliokuwa kweli wamebaki, nao ndio wa mwisho katika hesabu. Wenye silaha walifika ng'ambo kesho yake asubuhi, wakakaa pale kutwa nzima wakilitazama daraja, mmoja wao akakanyaga kamba hatua nne, akarudi nyuma, na kabla ya jioni wakaondoka kwa njia waliyojia. Kijiji hiki hakikuguswa, na nyumba zake mia moja na kumi na mbili bado ni mia moja na kumi na mbili.

Marehemu alitunzwa kwanza katika kituo cha afya cha hapa, na maumivu ya kifua yalipozidi, tarehe 24 Februari alibebwa katika tipoi, machela ya miti, kuelekea Walikale, mwendo wa siku mbili, na wanaume kumi na sita waliopokezana mabegani. Familia haitasahau kwamba bega la kwanza la mbele, kutoka hapa hadi kijito cha tatu, lilikuwa la Papa Bitingi, mwenye umri wa miaka sitini na saba, ambaye vijana walimwomba mara mbili awapishe, akakataa mara mbili. Hospitalini mapafu yaligundulika kuwa yameingiwa na ugonjwa, madaktari walifanya yote waliyoweza kwa dawa zilizokuwepo, alipata nafuu katikati ya mwezi wa tatu, akacheka, akala, kisha homa ikarudi. Tarehe 30 Machi alimwomba mke wake afungue daftari na kusahihisha jumla, kwa kuwa alikuwa ameandika mia tatu themanini na sita, naye akakumbuka kwamba tarehe 18 mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake alihesabiwa pamoja na mama kama mtu mmoja. « Naye ni mutu, » alisema, « mwandike. » Solange aliandika, na hilo ndilo neno la mwisho katika daftari lile. Alifariki Jumatano tarehe 2 Aprili 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mikono ya mama yake, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, miezi kumi na siku thelathini. Anaacha mjane, watoto wawili, baba, mama, ndugu sita, na wajomba ambao leo wamempoteza mwanafunzi wao.

Familia ya Habumugisha inawashukuru madaktari na wauguzi wa Walikale na wa kituo cha afya cha Ntoto, inawashukuru wabebaji wote kumi na sita na wale waliomrudisha jana akiwa katika sanduku, inamshukuru Padri na wanakwaya, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji, waliochimba kaburi na waliolala nasi chini, inawashukuru wenzake wa daraja, Papa Kahombo na vijana wake wawili, ambao wameendelea kubeba watu kila siku tangu tarehe 22 Februari bila kuombwa na mtu. Shukrani za pekee ziende kwa Papa Kapita, ambaye alikuwa na haki ya kukata na hakukata.

Limebaki jambo moja, nalo ni kuwaomba radhi kwa kuchelewa kwa misa. Sisi tuliotoka Masisi tulikuwa watu sabini na wanne, tulifika ukingoni leo saa kumi na mbili asubuhi, na Papa Kapita, kwa wema wake, alikuwa ametoa wazo kwamba kwa siku hii moja zile kamba nne zitolewe majini na kufungwa tena, ili wafiwa wapite haraka pamoja na mizigo yao. Papa Noël, mwenye miaka sitini na mmoja, ambaye mwezi wa pili alikimbilia upande wa Masisi na hakuwahi kuliona daraja la mwanawe kwa macho, alimjibu kutoka ng'ambo kwa sauti ambayo sote tuliisikia: « Asante, Papa Kapita, lakini ziache. Tutapita vile mutoto alipitisha watu. » Akavua viatu, akavifunga shingoni, akashika kamba kwa mikono yote miwili, akatangulia. Nyuma yake tukafuata, mmoja baada ya mmoja, wengine kwa miguu yao na kumi na wawili migongoni, na ilipofika saa nne na nusu wa sabini na nne alikuwa amekanyaga udongo wa Ntoto, wala hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba tunachelewa.

Nestor, mwana wetu, nyumbani kwako kuwili kumekutana hapa, hakuna aliyebaki ng'ambo. Shusha mgongo, mtoto, Bwana akuvushe naye, na ulale salama kwake.